Fundi Anajibu: DDR4 au DDR5, na hiyo chipseti inakusaidia nini?

Mwezi huu maswali mengi yamekuja ya mazabodi na ramu, nadhani kwa sababu bei ya ramu imepanda sana tangu mwishoni mwa 2025 na watu wanaogopa kupoteza hela, kwa hiyo safu yote nimeiachia hilo. Barua nimezifupisha. Kwa asiyejua, mazabodi ni bodi kuu inayoshika prosesa na ramu, DDR4 na DDR5 ni vizazi viwili vya ramu, na majina kama H610, B760 au B550 ni ya chipseti, ile chipu kuu ya kwenye bodi.

SWALI: Habari za kazi kaka. Nachora ramani za nyumba, ofisi yangu ipo Nkuhungu hapa Dodoma, natumia AutoCAD na ArchiCAD na mteja akitaka picha za kuvutia narenda. Mashine yangu ni i5 ya kizazi cha 8 yenye ramu mbili za 8GB DDR4, imechoka. Duka moja mjini limenipa machaguo mawili, la kwanza i5-12400 na bodi ya H610 ya DDR4, la pili prosesa hiyohiyo na bodi ya B760 ya DDR5, na la pili linaniumiza maana natakiwa ninunue na ramu mpya. Muuzaji anasema DDR5 ni mara mbili ya DDR4 na kwamba DDR4 imeshakufa. Nichukue ipi? Na je naweza kuchukua ya DDR5 nikaanza na ramu zangu za zamani, nikabadilisha mbele ya safari? Mchoraji, Nkuhungu.

JIBU: Salama ndugu yangu. Nianze na hilo la mwisho maana ndo lenye hatari. Haiwezekani, ramu ya DDR4 haikai kwenye sloti ya DDR5. Ukizishika mkononi zinafanana sana, urefu uleule na pini 288 zote mbili, ila angalia ule mkato mdogo upande wa pini, haupo sehemu moja. Kwenye sloti kuna kijino kinachotakiwa kuingia kwenye mkato huo, visipokutana ramu inabaki juu haishuki, na hapo ndo watu wanaanza kukandamiza kwa dole gumba wakidhani ni ugumu wa upya. Ukisikia inakataa toa, usisukume, sloti ikipasuka ujue bodi imeondoka. Na hata umeme wake ni tofauti, DDR4 inatumia volti 1.2 na DDR5 1.1, afu DDR5 ina saketi ya kurekebisha umeme juu ya ramu yenyewe, kazi ambayo kwenye DDR4 inafanywa na mazabodi. Kwa hiyo hakuna cha adapta wala ujanja.

Sasa tuje kwenye chipseti, maana naona muuzaji amekuchanganyia vitu viwili. Chipseti haiendeshi ramu. Zamani ndo ilikuwa hivyo, ila kwa prosesa za miaka hii kidhibiti cha ramu kipo ndani ya prosesa, na prosesa inaongea na ramu moja kwa moja, na kadi kubwa ya grafiki vilevile. Chipseti inashughulika na yale mengine, yuesibii, sata, netiweki, sauti, na sloti za ziada za SSD. Maana yake i5-12400 ukiiweka kwenye H610 au kwenye Z790 ya bei mbaya, AutoCAD yako itafunguka karibu sawasawa. Unacholipia ni nafasi na ruhusa, yaani sloti ngapi, SSD ngapi, unaruhusiwa kupandisha spidi ya ramu au huruhusiwi, na mara nyingi ubora wa sehemu inayopokea umeme wa prosesa.

Na prosesa za Intel za kizazi cha 12, 13 na 14, zote za soketi (tundu la prosesa kwenye bodi) LGA1700, kidhibiti chake kinakubali DDR4 na DDR5, anayeamua ipi itumike ni mtengenezaji wa bodi. Ndo maana kuna bodi za B760 za DDR5 na kuna bodi za B760 za DDR4, na B660 pia hivyohivyo. Hili duka halikukwambia, na kwangu mimi ndo jibu lako: tafuta B760 au B660 ya DDR4 yenye sloti nne. Kwenye jina la bodi mara nyingi wanaandika DDR4 au D4 mwishoni. Unaweka ramu zako mbili za 8 ulizonazo, ofisi inaendelea, hela ikipatikana unaongeza mbili nyingine za 8 unafika 32GB, na kwa mtu anayefungua ArchiCAD huku AutoCAD ipo na kivinjari kimejaa, 32 ndo inaleta raha.

H610 kwa nini siipendi kwako? Sio bodi mbaya, kwa mtu wa ofisi anayeandika barua na Excel namwambia achukue bila wasiwasi. Ila bodi zake zina sloti mbili tu za ramu, kwa hiyo ukitaka kufika 32 ramu zako za 8 unazitoa, unanunua mbili za 16. Afu Intel kwenye H610 walifunga ile njia ya SSD inayotoka moja kwa moja kwenye prosesa, SSD yako ya M.2 (ile bapa inayochomekwa kwenye bodi) inapita kwenye chipseti kwa njia ya data ya PCIe 3.0, wakati kwenye B660 na B760 njia hiyo ipo wazi kwa PCIe 4.0 yenye kasi zaidi. Na bodi nyingi za H610 ni za kubana bajeti, sehemu ya umeme wa prosesa haina hata bati la kupoozea. Sasa wewe unarenda, prosesa inafanya kazi kwa nguvu zote muda mrefu mfululizo, na joto la Dodoma Novemba unalijua, chumba hakina AC na vumbi limejaa kwenye feni. 12400 ni prosesa ya wastani, itahimili, ila siku ukitamani i7 humo ndani utaanza kuona mashine inapunguza spidi yenyewe.

Kuhusu DDR5 kuwa mara mbili. Kwa kubeba data nyingi kwa mkupuo ni kweli imepanda sana, DDR4 ya kawaida unayoikuta ni 3200, DDR5 inaanzia 4800. Ila kuna kitu kingine muuzaji hakitaji, muda ambao prosesa inasubiri tangu iombe data mpaka ianze kuipata. Kwenye karatasi ya ramu utaona CL na namba. Chukua hiyo CL zidisha kwa 2000, gawanya kwa spidi ya ramu, unapata nanosekunde. DDR4 ya 3200 yenye CL16 inakupa 10. DDR5 ya 4800 yenye CL40, ambayo ndo ile ya bei ya chini, inakupa karibu 17, yaani inasubirisha zaidi! DDR5 ya 6000 yenye CL30 inarudi kwenye 10 huku ikibeba mzigo mkubwa zaidi, hiyo kweli ni ramu nzuri, ila sio utakayowekewa kwenye ofa. Kazi yako ya kuchora mistari inategemea zaidi nguvu ya kori moja ya prosesa na wingi wa ramu, hutaona tofauti ya kukufanya ule hasara.

Na hiyo ya DDR4 imeshakufa, ipo hivi. Kwenye mashine mpya kabisa ni kweli imeachwa, AMD soketi AM5 tangu 2022 ni DDR5 peke yake, Intel soketi LGA1851 iliyotoka Oktoba 2024 nayo ni DDR5 peke yake. Ungekuja huna ramu hata moja na bajeti ipo ningekwambia sahau zote mbili za duka lako, nenda AM5 chukua bodi ya B650 na DDR5, kwa sababu AMD wameahidi kuendelea na soketi hiyo mpaka 2027 na zaidi, na hao wana historia, soketi yao ya AM4 ilipokea prosesa za Ryzen za kwanza 2017 na 2024 walikuwa bado wanaitolea prosesa. LGA1700 yenyewe mwisho wake ni kizazi cha 14, kwa hiyo kulipia DDR5 juu ya soketi iliyofika mwisho halafu utupe ramu nzima ulizonazo, hapo mi sikuungi mkono. Kumbuka pia ramu imepanda duniani kote kwa sababu viwanda vinapeleka uwezo wake kwenye mitambo ya akili mnemba, sasa hizo 16GB zako ni mtaji, tembea nazo.

Hela utakayookoa iweke kwenye kadi ya grafiki, kwenye kurenda kwa programu zinazotumia kadi hiyo ndo itakupa usingizi. Na kwa kuwa maduka mengi hapa mjini bodi wanaagiza Kariakoo, muandikie muuzaji jina lote la bodi kama lilivyo kwenye boksi, neno la mwisho likiwemo. Ikija ya DDR5 badala ya DDR4 jina linafanana karibu lote, na kuirudisha Dar ni usumbufu mtupu.

SWALI: Shikamoo kaka. Nasoma UDOM, nataka kuunga PC ya kusomea programu na gemu kidogo, sina hela ya kadi ya grafiki kwa sasa. Nimechagua Ryzen 5 5600G. Jamaa zangu hosteli wanasema bodi ya A520 ni takataka lazima B550, na kwenye ramu nimeona 16GB moja ni rahisi kidogo kuliko mbili za 8, nikaona nichukue moja ili baadaye niongeze. Nipo sahihi? Mwanafunzi, Dodoma.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwenye bodi jamaa zako wamezidisha, kwenye ramu wewe ndo unataka kujiumiza.

Hiyo G kwenye 5600G maana yake prosesa ina grafiki ndani yake, ndo itakayokuchezeshea gemu. Grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inakula ramu ya mashine, na ina njaa kweli. Ramu moja inafanya kazi kwa chaneli moja, kwa DDR4 ya 3200 hiyo ni gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Ukiweka mbili kwenye sloti zinazotakiwa zinafanya kazi pamoja, inakuwa 51.2. Kwa mwenye kadi yake ya grafiki tofauti hii ipo ila anaweza akaishi nayo, kwako wewe ni gemu kuchezeka au kukwamakwama, mashine ileile. Chukua mbili za 8 tena zilizouzwa pamoja kwenye pakiti moja. Bodi ikiwa na sloti nne usizijaze za karibukaribu, kawaida ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kitabu cha bodi kitakuonyesha.

Afu ukimaliza kuunga usianze gemu kwanza, ingia BIOS (programu ya bodi inayowaka kabla ya Windows) uwashe XMP (mpangilio wa spidi iliyoandikwa kwenye ramu), kwa sababu ramu iliyoandikwa 3200 bila kuwasha hiyo inaweza ikawa inatembea kwa 2400 au 2666 na wewe hujui. Kuhakiki ni rahisi, fungua Task Manager kwenye Windows, nenda sehemu ya ramu, spidi imeandikwa hapo na sloti ngapi zimetumika.

A520 inakutosha. Ruhusa inayokosa ni kupandisha spidi ya prosesa, ya ramu unaruhusiwa. B550 sifa yake kubwa ni PCIe 4.0 na 5600G yenyewe ni PCIe 3.0, hata ukiinunua njia hiyo huipati mpaka ubadilishe prosesa. Ila kama una uhakika mwakani unaweka Ryzen 7 na kadi kubwa, sawa, B550 itakuwa na maana. Kitu cha kumuuliza muuzaji ni BIOS, bodi iliyokaa sana dukani inaweza kuwa na BIOS ya kabla ya 5600G haijatoka, itawasha feni skrini nyeusi. Mwambie akuwashie palepale na prosesa yako ndani kabla hujalipa.

SWALI: Fundi, nimepata bodi ya H110 soketi 1151 na i5-8400 nayo 1151, imekaa vizuri kabisa lakini haionyeshi kitu. Nimebadilisha ramu na pawa saplai, bado. Fundi, Manyoni.

JIBU: Fundi mwenzangu, ramu hazina kosa, ziache. 1151 zipo za aina mbili ndani ya umbo moja. H110 na chipseti zote za 100 na 200 ni za kizazi cha 6 na 7. Kizazi cha 8 na 9 kinataka chipseti za 300, kama H310, B360, B365 au Z370. Inakaa kwa sababu tundu ni lilelile ila mpangilio wa pini za umeme Intel waliubadilisha. Mtafutie mteja H310, au baki na H110 umuwekee i5-7500. Ningekuwa mimi ningebadilisha bodi, sababu Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inaikubali rasmi Intel kuanzia kizazi cha 8, sasa hiyo 8400 ni nzuri kuitunza.

SWALI: Kaka habari. Kuna mtu anauza ramu za DDR4 za mtumba, 32GB moja kwa bei ya chini hata kuliko 16 ya dukani. Anasema zimetoka kwenye seva za kampuni hazijatumika sana. Nikapiga picha stika yake imeandikwa 2Rx4 PC4-2400T-RA1. Nina bodi ya B450, nizichukue? Msomaji, Kondoa.

JIBU: Acha kabisa, na ahsante kwa kupiga picha maana jibu lipo hapohapo kwenye stika. Angalia ile herufi baada ya deshi ya mwisho, kwako ni R. Hiyo ni ramu ya seva, kati ya prosesa na chipu za ramu kuna chipu nyingine inayopokea amri kwanza, na bodi za kawaida za mezani haziijui. Haiungui kitu ila mashine haitawaka. Unayotaka wewe kwenye nafasi hiyo iwe na U. Ukikuta S ni ya laptopu, hiyo hata kwa macho ni fupi. Ukikuta E ni ya seva ndogo, hiyo inaweza kuwaka kwenye baadhi ya bodi za AMD lakini usinunue kwa kubahatisha.

Muuzaji anaweza kuwa hakudanganyi, kweli zimetoka kwenye seva na kweli ni nzima, ndo maana bei ipo chini, wanaoweza kuzitumia ni wachache. Anayekuuzia ramu ya mtumba mwambie hivi: nitaijaribu kwenye mashine yangu kwanza. Akikubali weka programu ya MemTest86 kwenye flashi uiache izunguke hata usiku mzima, ikitoa kosa hata moja unamrudishia.

SWALI: Kaka, mimi nahariri video za harusi na kwaya hapa Kisasa. Nimenunua mashine mpya, Ryzen 7 7700, bodi ya B650, DDR5 mbili za 16. Siku ya kwanza kuwasha skrini ilikaa nyeusi dakika kadhaa nikataka kurudisha, baadaye ikawaka. Nina ubovu? Na nataka kufika 64GB, niongeze mbili nyingine kama hizi? Mhariri, Kisasa.

JIBU: Pole dada kwa presha, ila huna ubovu. DDR5 ikiwekwa mara ya kwanza kwenye AM5 bodi inajipima na ramu, inajaribu muda na umeme mpaka ipate mpangilio unaotulia, na wakati huo haionyeshi chochote, taa ndogo ya DRAM kwenye bodi inaweza kuwaka tu. Itarudia ukibadilisha ramu, na mara nyingi ukiapdeti BIOS pia. Usiizime katikati. Na kwa kuwa umeme wetu unaweza kukata muda wowote, siku ya kuapdeti BIOS hakikisha ipo kwenye UPS, hilo kwa kweli naomba usilidharau, BIOS ikikatika katikati bodi inaweza isiwake tena.

Kwenye 64 subiri kidogo kabla hujalipa. Bodi ina sloti nne lakini DDR5 nne zinakilemea kidhibiti cha ramu, kwa Ryzen 7000 spidi rasmi ya ramu mbili ni 5200, ukijaza nne AMD wanaahidi 3600 tu. Watu wengine wanafika juu zaidi, wengine mashine inaanza kuganda katikati ya kuexpoti, na wewe una bibi harusi anasubiri video. Njia iliyotulia ni mbili za 32 kwenye pakiti moja, hizi za 16 uziuze, kwa bei za saivi hutakosa mteja. Na hizo mpya ukiziweka ingia BIOS uwashe EXPO, ni kama ile XMP niliyomwambia mdogo wetu wa UDOM ila ni ya AMD, bila hiyo unaweza kuwa umelipia 6000 unatumia 4800.

Kabla ya kununua fungua mradi wako mkubwa kuliko yote, acha timeline icheze huku Task Manager ipo wazi pembeni. Kama ramu inagota kwenye 20 na kitu, 32 yako bado inakutosha na kinachokuchelewesha ni diski au kadi ya grafiki. Nitumie hizo namba pamoja na jina la kadi yako, toleo lijalo tuendelee kutokea hapo.